Sanduku la Wasomaji: Tangazo la Mkopo kwa Mfuko Mdogo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Mombasa, na karibu zote zinazunguka jambo moja: sacco au duka la mikopo lina pesa kidogo na linataka kuonekana kwenye televisheni. Tumechagua sita.

*Wahariri, salaam. Sacco yetu iko Changamwe. Kamati imepitisha shilingi 180,000 tutengeneze tangazo la sekunde 30 la mkopo wa biashara ndogo. Mwenyekiti anataka aonekane akizungumza, halafu zitajwe riba, kiwango cha juu cha mkopo, muda wa kulipa, matawi yetu manne na namba ya simu. Mpiga picha anasema haviingii vyote. Tumsikilize nani?*
*Afisa masoko, Changamwe*

Mpiga picha. Sekunde 30 za televisheni ya hapa kwetu ni fremu 750, na si zote za maneno. Acheni nusu sekunde ya kimya mwanzoni na nusu nyingine mwishoni, maana kituo kikipanga matangazo mfululizo huweza kukata pembeni. Toeni pia pumzi za msomaji. Zinabaki sekunde 27 hivi. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbizwa husema silabi tano hadi sita kwa sekunde, kwa hiyo mna silabi 150 za kutumia, basi.

Hesabuni silabi, msihesabu maneno, kwani namba za Kiswahili hula muda kuliko mnavyodhani. "Shilingi elfu mia mbili na hamsini" ni silabi 13, karibu sekunde mbili na nusu. "Asilimia moja kwa mwezi" ni 10. Namba ya simu ikisomwa tarakimu moja moja huchukua sekunde nne au zaidi. Ongezeni matawi manne na mitaa yake, na tangazo limekwisha kabla mtu hajaambiwa kwa nini akope kwenu na si kwa jirani.

Shauri letu kubwa ni hili: namba yoyote inayoweza kubadilika isitoke kinywani mwa mtu anayeonekana. Riba, kiwango, muda, simu, vyote viwe maandishi kwenye kioo, na vikisomwa visomwe na sauti ya msomaji asiyeonekana. Mkutano mkuu ukibadilisha riba mwakani, mtamwita mhariri kwa saa chache abadilishe maandishi na msomaji arudie sentensi moja. Lakini mwigizaji akiwa ameitamka riba huku midomo yake inaonekana, mtakodi kamera, taa, gari na mwigizaji upya. Tangazo dogo la fedha huliwa na siku ya pili ya kupiga picha kuliko kitu kingine chochote, na siku ya pili karibu kila mara inasababishwa na sentensi, si na kamera.

Kwa sababu hiyo hiyo mwenyekiti na abaki kwenye mkutano mkuu. (Tunajua kumwambia si kazi nyepesi.) Mtu asiyezoea kamera anaweza kumaliza asubuhi nzima kwa sentensi moja, na siku wanachama wakimpumzisha, tangazo linapumzika naye.

Badala yake chukueni mtu mmoja na tatizo moja. Muuza nyanya wa Kongowea anafika alfajiri, bei ya kreti ni nzuri lakini pesa alizonazo zinatosha kreti moja. Wiki nyingine anapakia tatu kwenye tuktuk. Hiyo inaelezeka kwa picha nane za sekunde tatu tatu: mikono ikihesabu noti, uso, kreti, kaunta yenu, simu ikiingiza ujumbe, kreti tatu, tuktuk ikiondoka, uso tena. Hizo ni sekunde 24. Sekunde tano za mwisho ni kadi yenye jina la mkopo, riba, simu na masharti. Hakuna anayezungumza mbele ya kamera, kwa hiyo sauti ya sokoni haiwasumbui.

Sasa riba yenyewe. "Asilimia 1 kwa mwezi" peke yake ina maana mbili. Mkopo wa shilingi 100,000 kwa miezi 12, mtaji ukilipwa kwa mafungu sawa: riba ikipigwa kwa salio linalopungua, jumla ni shilingi 6,500; ikipigwa kwa kiasi cha awali kila mwezi, ni 12,000. Maneno yale yale, tofauti ya shilingi 5,500. Andikeni "kwa salio linalopungua" kama ndivyo ilivyo, na kama kuna ada ya kushughulikia mkopo au bima ya mkopo, iwemo kwenye kadi. Sheria ya Ushindani ya 2010 na ile ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 zote zinakataza madai ya kupotosha, na mteja aliyevutwa na hesabu ya kwanza akatozwa ya pili ana haki ya kulalamika.

Futeni pia "akiba yako iko salama asilimia mia." Fidia ya hadi shilingi 500,000 inayotolewa na KDIC, shirika la bima ya amana, ni ya wenye amana katika benki na benki ndogo za mikopo, haigusi sacco. Na maneno "tunadhibitiwa na SASRA" (mamlaka inayosimamia sacco) yaandikwe tu ikiwa leseni ya mwaka huu iko mkononi. Kumbukeni vilevile kwamba sacco hukopesha wanachama: "jiunge" itangulie "kopa", la sivyo simu zitajaa watu mtakaowajibu hapana.

Kabla hamjakodi chochote, andikeni ukurasa mmoja: kila dai lililomo kwenye tangazo upande wa kushoto, ushahidi wake upande wa kulia (sera ya mikopo, azimio la mkutano, leseni). Meneja wa mikopo na wakili au afisa anayesimamia kanuni watie sahihi na tarehe. Msipokee idhini ya "sawa tu" kwa simu.

Pesa zenyewe tungezigawa hivi. Mpiga picha na kamera yake kwa siku moja, 35,000. Uhariri pamoja na maandishi na kadi, 35,000 nyingine, kwa sababu tangazo la fedha hujengwa mezani kuliko uwanjani. Waigizaji wawili 16,000, vibali 15,000, taa na msaidizi 13,000, fundi sauti 12,000, usafiri na chakula 12,000, msomaji 10,000, muziki 7,000. Zinabaki 25,000 za akiba, msiziguse hadi siku ya kupiga picha ipite bila mvua. Bei za watu hutofautiana, lakini uwiano huo ukivunjika, mara nyingi ni kwa sababu kamera ya bei kubwa imekula pesa za mhariri. Kumbukeni kuwa humo hamna hata senti ya kununua muda hewani.

*Nilipiga tangazo la bima ndogo kwa simu nzuri kabisa. Kituo kimelirudisha mara mbili. Kwanza sauti na mdomo havilingani, halafu maandishi yamekatwa pembeni, halafu wanasema "sauti iko juu". Kwenye simu yangu kila kitu kiko sawa.*
*Fundi wa video, Kisauni*

Una matatizo matatu, na simu yako inayaficha yote.

La sauti kuachana na mdomo linatokana na simu kurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka: mwanga ukipungua, inapunguza fremu yenyewe. Programu ya kuhariri inadhani kasi ni moja, na kufikia sekunde ya 20 mdomo umebaki nyuma. Tumia programu ya kamera inayokubali kufunga kasi. Blackmagic Camera haina malipo. Funga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 (kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde), rangi ya mwanga isijibadilishe, na fokasi isitafute yenyewe. Kwa nini 25 na 1/50? Televisheni yetu inakwenda kwa 25, na umeme wetu ni wa mzunguko wa 50, kwa hiyo shata hiyo ndiyo inayokubaliana na taa za dukani. Ukiwa na 30 na 1/60, taa za bei nafuu huanza kupepesa na mistari myeusi hupanda kwenye ukuta.

Tatizo ni kwamba tundu la lenzi ya simu nyingi haliwezi kupunguzwa. Kwenye jua la Mombasa la saa sita, lenzi ya f/1.8 (tundu pana) kwa 1/50 na ISO 50 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga) inapokea mwanga zaidi ya mara 60 ya unaohitajika, na picha inakuwa nyeupe tupu. Unahitaji kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kile mafundi wanachokiita ND: ND64 juani, ND8 kivulini. Bila kioo hicho simu itapandisha shata hadi 1/3000, na tuktuk itaonekana inarukaruka.

Kazi uliyokwisha kuipiga kwa 30 usiitupe. Ipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake ukichagua kasi isiyobadilika. Kisha picha zisizo na mazungumzo zipunguze mwendo hadi asilimia 83.3, fremu 30 zitasomwa kama 25 bila kuruka, na mwendo huo wa taratibu mara nyingi hupendeza. Zenye mazungumzo itabidi zigeuzwe kawaida, na kamera ikiwa imesimama tuli hakuna atakayegundua.

Maandishi: televisheni nyingi majumbani bado zinakata kingo za picha. Acha asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini, kwenye picha ya 1920 kwa 1080. Herufi za masharti zisipungue pikseli 30 kwa urefu. Kwa muda wa kusoma, sisi hupiga maneno matatu kwa sekunde, hivyo kadi ya sekunde tano inabeba maneno 15. Ukiwa na masharti ya maneno 40, huna tatizo la herufi bali la skripti. Usiweke herufi nyeupe juu ya anga au kanzu; weka utepe mweusi nyuma yake.

Sauti: video za mtandaoni huwa zinakaa karibu na -14 kwenye LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika. Kipimo cha urushaji kinachotumiwa na vituo vingi ni -23, na kilele kisipite -1. Pima tangazo zima, si sentensi moja. Ukishusha, usishushe vyote kwa pamoja bila kusikiliza: muziki uliokuwa sawa kwenye simu huwa unameza maneno kwenye spika ndogo ya televisheni, kwa hiyo wakati msomaji anazungumza muziki uwe chini yake kwa desibeli 12 au zaidi.

Mwisho, uliza kituo wanataka faili gani kabla ya kutoa nakala. Mara nyingi utaambiwa MXF (aina ya faili ya video ya vituo) ya megabiti 50 kwa sekunde, 1080i50, sauti ya 48 kHz. Faili hiyo ya sekunde 30 ina uzito wa megabaiti 190 hivi. Ikifika kituoni ikiwa na megabaiti nne, mtu ameipitisha WhatsApp kama video, na ndiyo maana inaonekana imepakwa uji.

*Tunataka mandhari ya Mombasa: Fort Jesus, feri ya Likoni, vichochoro vya Mji wa Kale, na droni ipite juu ya Daraja la Nyali. Vibali viko wapi?*
*Mtayarishaji, Nyali*

Leseni ya kupiga filamu, matangazo yakiwemo, iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222; anzia KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu, halafu idara ya kaunti kwa barabara, masoko na viwanja vya umma. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa, nao wana utaratibu wao wa kupiga picha za biashara. Feri tungeiacha. Ni eneo la ulinzi, na askari akikukuta na kamera kivukoni siku yako imekwisha. Ukihitaji maji na chombo, ngalawa iliyokodiwa upande wa Bamburi inatosha.

Droni inahitaji kusajiliwa na kuidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za 2020, na Mombasa ina uwanja wa ndege wa Moi upande mmoja na kambi ya wanamaji Mtongwe upande mwingine. Kwa bajeti ndogo, paa la ghorofa tano na ruhusa ya mwenye nyumba hutoa picha ile ile.

Vichochoro vya Mji wa Kale ni mlango wa nyumba ya mtu. Pita kwa wazee wa mtaa siku moja kabla. Kila anayetambulika kwenye picha atie sahihi fomu inayosema picha yake itatumika kutangaza mkopo, wapi na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iliyo wazi. Hasa kwa mkopo: mtu hataki jirani amwone kwenye kioo juu ya maneno "umekwama kifedha?" kama hakukubali. Mtoto, mzazi wake atie sahihi. Simu inayoonyesha ujumbe wa pesa isiwe na jina wala namba ya mtu wa kweli, na nembo ya mtandao wa simu isitumike bila ruhusa ya wenyewe.

*Assalaam aleikum. Taasisi yetu inatoa murabaha. Wakala ametuandikia tangazo: kijana anapokea bunda la noti, anacheka, anakwenda kununua pikipiki. Mwisho yameandikwa "mkopo usio na riba". Bodi ya sharia imekataa lakini wakala haelewi kosa liko wapi.*
*Msomaji, Mji wa Kale*

Waaleikum salaam. Bodi iko sahihi, na kosa liko kwenye picha kabla ya kufika kwenye maneno. Katika murabaha mteja hapewi pesa. Taasisi inanunua pikipiki, inaimiliki, kisha inamuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, naye analipa kwa awamu. Bunda la noti likionekana, mmetangaza bidhaa ambayo hamna. Neno "mkopo" nalo liondoke, maana haya ni mauziano.

Mpangilio ubadilike: kijana anaichagua pikipiki dukani, afisa wenu anamlipa muuzaji (mkono wa afisa, risiti yenye jina la taasisi), kisha mteja na afisa wanatia sahihi, mwisho funguo. Ufunguo ndio upewe picha ya karibu, si noti. Kwenye kadi andikeni bei ya kununulia, bei ya kuuzia na idadi ya miezi kwa mfano mmoja wa kweli. "Bila riba" peke yake humfanya msikilizaji adhani haongezi chochote, naye akiona bei ya pili atasema mmemzunguka. Skripti na michoro ya picha viende bodini pamoja. Bodi ikipelekewa maneno tu, picha itawakwamisha siku ya mwisho.

*Tulirekodi ushuhuda wa mteja kwenye bustani ya Mama Ngina, ufukweni. Picha safi, sauti upepo mtupu. Je, programu inaweza kuusafisha?*
*Mwanafunzi, Tudor*

Kidogo tu, na sauti itabaki kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Upepo uliogonga maikrofoni umeshafunika maneno. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, upande wa bahari wazi haurekodiki bila manyoya juu ya maikrofoni. Kaskazi ni afadhali, ila alasiri nalo husukuma. Mrudisheni mteja kwenye chumba chenye mapazia na godoro ukutani, arudie yale yale, kisha msikilizishe sauti hiyo juu ya picha za yeye akifanya kazi. Msijaribu kuilinganisha na mdomo.

Mkirekodi tena nje, anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua liko chini, tuktuk ni chache, na mna saa mbili za mwanga mzuri. Karibu na saa sita jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Pangeni mapumziko yaangukie adhana ya adhuhuri, kwenye saa sita na nusu. Hata mngekuwa na maikrofoni ya namna gani, Mombasa hakuna kona isiyofikiwa. Na kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iacheni ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto, la sivyo lenzi itajaa ukungu, na ukungu ukiwa ndani haufutiki kwa kitambaa.

*Tukitumia sekunde 10 tu za wimbo wa taarabu unaojulikana, si bure? Na tukishapata tangazo, tununue muda gani hewani?*
*Mweka hazina, Likoni*

Si bure. Hakuna sekunde za bure kwenye tangazo. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na zote mbili zinahitaji idhini ya maandishi kutoka kwa wenyewe. Leseni ya kupiga muziki dukani au ukumbini haihusiki na kuuunganisha na picha. Mpigaji udi na mpigaji dumbaki wanaweza kuwatungia sekunde 30 mpya kwa alasiri moja. Mkataba uandikwe kwamba muziki ni wenu kwa televisheni, redio na mtandao, bila kikomo cha muda.

Muda hewani: taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja usiku ndiyo ghali, na kwa mfuko mdogo mara moja pale ni sawa na kumwaga maji baharini. Ni afadhali kipindi kimoja cha asubuhi au alasiri, kila siku ya kazi, wiki mbili mfululizo, watu wale wale wakuone mara kwa mara. Tengenezeni pia toleo la sekunde 15 tangu mwanzo. Kwa kawaida bei yake ya kurushwa ni nafuu kuliko ya la 30. Kwenye bei mnayotajiwa ulizeni kama VAT ya asilimia 16 imo. Mkimaliza, daini cheti cha kurushwa chenye tarehe na saa za kila mara, mkilinganishe na ankara kabla ya kulipa.

Na kutoka kwa mhariri msichukue faili moja tu iliyokamilika. Chukueni mradi wenyewe, picha safi isiyo na maandishi, sauti ya msomaji peke yake, muziki peke yake, na kadi ya mwisho ikiwa bado inaharirika. Wekeni nakala mbili kwenye diski mbili, moja ofisini na nyingine kwa katibu.